Maana ya neno "Maadili"

Katika kufundisha katekismu hapa Lubumbashi tunataja mara nyingi "maadili", na wasikilizaji wanafikiri ni makatazo tu. Tuchunguze neno lenyewe. Limetoka kwa Waarabu, likatufikia kwa njia ya pwani. Shina lake ni lile la "adili", maana yake haki, usawa na unyofu. Walatini walisema "mores", yaani desturi, na humo Cicero akatunga neno "moralis". Basi neno la Kilatini latazama mazoea ya watu. La Kiswahili lauliza kama mazoea hayo ni ya haki. Kwa hiyo mkristu asiyekosa Misa, lakini sokoni anapunja meka ya unga, desturi anayo, maadili bado. Tufundishe hivyo, nasi tujipime kwanza.