Mzazi Anahitaji Zaidi ya Khanga

Buhare, Manispaa ya Musoma, habari za mtoto mchanga hazikai ndani. Marafiki huja na khanga, sabuni na hongera tele, kisha huketi kusubiri chai. Chai hiyo anaipika nani?

Rafiki anayejua kusaidia huanzia jikoni. Huinjika uji wa ulezi, huchemsha sato, hufua nepi, huogesha watoto wakubwa ili mzazi apate kulala.

Kisheria, baba aliyeajiriwa hupewa likizo ya angalau siku 3. Mama hupata 84, au 100 akijifungua mapacha. Lakini mama muuza dagaa hana mwajiri wa kumlipa. Asipofungua biashara, hakuna kinachoingia, hivyo kumshikia meza sokoni ni msaada mkubwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wapimwe angalau mara 4 ndani ya wiki 6. Damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana au mtoto kukataa kunyonya havisubiri tarehe ya kliniki: tafuteni usafiri mara moja. Huzuni na kilio vya mama vikizidi wiki 2, msindikize kwa mhudumu wa afya. Huo ni ugonjwa unaotibika, si deko.