Kidari Kilichobonyea na Umeme wa Moyo

Baadhi ya watoto huwa na kidari kilichobonyea: mfupa wa katikati ya kifua, pamoja na gegedu zinazouunganisha na mbavu, huingia ndani na kufanya shimo. Hali hii humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 300 hadi 400, na wavulana hupatwa zaidi kuliko wasichana. Mara nyingi shimo huzidi kina wakati wa kubalehe, yaani katika miaka ya shule ya sekondari. Mwanafunzi wa Temeke au Kinondoni mwenye kifua cha namna hii huenda akaona haya kuvua shati michezoni. Yafaa wenzake wajue kwamba huu si ugonjwa wa kuambukiza, wala si kifua kikuu.

Nguvu ndogo inayopimika

Kila pigo la moyo hutanguliwa na mkondo wa umeme. Mkondo huo huanzia katika kifundo kidogo kilichomo kwenye chumba cha juu cha kulia, kisha husambaa hadi vyumba vya chini. Nguvu yake ikifika kwenye ngozi huwa yapata milivolti moja tu. Willem Einthoven wa Uholanzi alitengeneza chombo cha kuipima barabara mwanzoni mwa karne ya 20, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Siku hizi elektrodi 10 hubandikwa kifuani, mikononi na miguuni, na mashine huchora umeme huo katika sura 12.

Kwa nini mchoro hubadilika

Kidari kinapobonyea, husukuma moyo upande wa kushoto, huuzungusha kidogo, na huweza kukibana chumba cha chini cha kulia. Elektrodi, hata hivyo, hubandikwa palepale pa siku zote. Mfano wake ni ngoma iliyohamishwa kutoka katikati ya ukumbi hadi pembeni: mpigaji hakubadili mdundo, lakini wasikilizaji waliokaa mahali pao husikia tofauti. Hivyo baadhi ya mawimbi huonekana yamepinduka, na mchoro huweza kufanana na ule wa mtu ambaye tawi la kulia la njia ya umeme lina hitilafu. Daktari asiyetazama kifua aweza kumdhania kijana mwenye moyo mzima kuwa mgonjwa wa moyo.

Baada ya upasuaji

Mwaka 1949 Mark Ravitch wa Marekani alieleza njia ya kuondoa gegedu zilizopinda na kuuinua mfupa. Mwaka 1998 Donald Nuss, wa nchi hiyohiyo, alitangaza njia nyingine: chuma kilichopindwa kama upinde hupitishwa nyuma ya kidari na kukisukuma nje, kisha huondolewa baada ya miaka miwili hadi minne.

Kidari kikiinuka, moyo hurudi karibu na mahali pake. Kwa baadhi ya wagonjwa mawimbi yaliyopinduka husimama tena; kwa wengine alama za awali hubaki. Aidha, katika siku za mwanzo utando unaouzunguka moyo huweza kuvimba na kuleta mabadiliko mapya ya muda. Kwa hiyo mchoro peke yake hauthibitishi kupona wala kuugua. Hulinganishwa na ule wa kabla ya upasuaji, ambao yapasa utunzwe, na pia na picha za moyo.

Jambo moja lahusu uhai wenyewe. Mwenye chuma kifuani moyo wake ukisimama, kifua huhitaji kukandamizwa kwa nguvu zaidi. Vibandiko vya mshtuko wa umeme navyo huwekwa kimoja mbele na kimoja mgongoni, ili mkondo upite moyoni badala ya kufuata chuma.

Jijini Dar es Salaam, mwanafunzi mwenye kifua hiki anayehema kupita kiasi au kuzimia afikishwe hospitali, kama vile za rufaa za Temeke na Mwananyamala. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, hupokea wagonjwa wa moyo wanaohitaji uchunguzi wa kibingwa.