Jina Kwenye Santuri

Wanaokuja kutoka Ulaya kutafuta santuri zetu wana jicho kali la lebo: ya mwaka gani, kampuni gani, imechapwa wapi. Mmoja wao alinunua sahani kadhaa hapa Tanga, akazipiga picha moja moja, akazitundika mtandaoni. Juu ya lebo, kwa wino wa kalamu, lilionekana jina la mwenyewe wa zamani, sanduku lake la posta na mtaa wake. Mgeni akaongeza maelezo kwamba watu hawa wanapendeza, hawana habari na faragha, mambo yao yote huyaanika. Kijana akatuletea simu barazani tukasoma. Wazee walicheka, kisha mmoja akauliza kama mwenye jina lile bado yu hai, kicheko kikakatika.

Nimeona nimjibu, na wala si yeye peke yake. Wapo ndugu zetu wa maofisini wanaosema yaleyale kwa lugha ya heshima zaidi: mwananchi wa kawaida ana siri gani, ukichukua alama za vidole vyake na picha ya uso wake umemnyang'anya nini? Wapenzi wa jazi wa Tanga wana siri, na wana utaratibu wa kuzitunza. Mgeni aliuona utaratibu huo akadhani ni uzembe.

Kwa wasiotufahamu, jazi kwetu ni bendi. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za hapahapa Tanga, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz na Saboso yake, Tabora Jazz na Segere Matata, NUTA Jazz na Msondo ambao mpaka leo haujafa, na Dar es Salaam Jazz iliyozitangulia tangu mwaka 1932. Akitokea mjuzi wa New Orleans akasema magitaa haya ni rumba wala si jazi, hatubishani naye. Anavutiwa kiti.

Watu huanza kufika barazani Jumapili baada ya swala ya alasiri. Nani apewe mkeka na nani kiti, kahawa na kashata, hayo ni ya kila baraza la pwani, sina haja ya kuyarefusha. Mambo yako kwenye santuri. Aliyeileta ndiye anayeitoa kwenye mfuko wake wa karatasi, na anaishika kingo kwa viganja, vidole vimetanuliwa, uso wa sahani usiguswe. Anaipuliza kidogo, anaipangusa kwa kitambaa laini akifuata mduara wa mifereji. Kama sahani ni kongwe na sindano inaruka, sarafu huwekwa juu ya kichwa cha mkono wa gramafoni ili uzito uongezeke. Mzee mmoja ana sarafu yake maalumu ya kazi hiyo, shilingi ya zamani yenye picha ya Mwalimu Nyerere. Dukani haipokelewi tena, lakini barazani haiazimwi kwa mtu yeyote.

Sindano ikishuka, midomo inafungwa. Nyimbo nyingi za wakati ule zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja wa sahani ndogo, basi zikagawanywa: sehemu ya kwanza huku, ya pili kule, na mara nyingi gitaa la solo lilingoja upande wa pili ndipo lifunguke. Muziki ukiwa unapigwa hakuna anayezungumza, labda mtu agune pakipita mahali anapopapenda. Mazungumzo yana nafasi yake, pale sahani inapogeuzwa. Hapo husemwa bei ya unga, dawa za presha zilizoadimika, mjukuu aliyefeli, mvua iliyokawia. Sindano ikirudi hoja hukatwa ilipofika, na wimbo ukiisha huokotwa palepale. Nimewasikia wakibishana kwa vipande vya namna hiyo, tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, kama Mbaraka alifanya vema kuiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunde Super Volcano. Aliyelaumu na aliyetetea waliondoka kila mmoja na lake.

Sasa lile jina kwenye lebo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodiwa Redio Tanzania au zilisafiri hadi Nairobi, na sahani zenyewe zilichapwa Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Santuri ikawa kitu ambacho ukikivunja umekikosa. Na haikukaa nyumbani. Si kila nyumba ilikuwa na gramafoni, kwa hiyo sahani ilikwenda kwa jirani mwenye mashine, ikaazimwa harusini, ikazunguka mitaa yote ya Ngamiani sikukuu moja. Palipokusanyika sahani za watu kumi usiku mmoja, jina kwenye lebo ndilo lililoirudisha kila moja kwa mwenyewe. Aliyeandika aliwaandikia watu waliokwisha kumjua, wa mtaa uleule, wanaokijua hata kikohozi chake. Hakumwandikia dunia.

Kulikuwa na daftari pia, la kuazimana. Tarehe, sahani, nani kachukua, na mkwaruzo kama upo, ili asije akasingiziwa. Daftari hilo halikufunguliwa mbele ya wageni hata siku moja, kwa kuwa ndani yake alijulikana nani harudishi vitu vya watu, nani hurudisha na harufu ya sigara, nani ameazima wimbo uleule kila mwaka siku zilezile kwa sababu zake. Mwenye daftari alikuwa mtu wa kuaminiwa, na akivujisha neno alinyang'anywa. Naliona limekwisha. Sasa mtu anatumiwa wimbo kwa simu, hakuna cha kurudisha, na hakuna tena sababu ya kubisha hodi kwa mwenzako Jumatano jioni.

Na kadi za salamu za redioni je? Hapo wanaotusema huona wamepata ushahidi. Ulinunua kadi, ukajaza jina lako, S.L.P., majina ya unaowasalimu na wimbo unaoutaka, mtangazaji akakusoma ukasikika Tanga hadi Kigoma. Kweli, hapo hakuna kujificha. Lakini tazama nani aliyejaza kadi. Wengi walijiita majina waliyojichagulia, ya bendi, ya mji, ya mbwembwe tu, na baba mzazi angeyasikia asitambue kuwa ni mwanawe. Sanduku la posta lilikuwa la shule au la shamba la mkonge. Aliyesalimiwa alikuwa amechaguliwa, na aliyeachwa alielewa kwa nini. Shangazi yangu aliacha kumtaja mtu mmoja kwenye kadi zake, na ukoo mzima ukajua uchumba umekwisha kabla hata ya barua kufika. Alisema alichotaka kusema, kwa aliotaka wasikie. Wengine walisikia wimbo.

Nyimbo zenyewe zilikuwa shule ya jambo hili. Mtunzi akimsema mke aliyekimbia au tajiri asiyelipa, alifumba. Redioni kulikuwa na watu wa kuzichuja nyimbo, na mtaani kulikuwa na wenyewe wanaosemwa, wana masikio na wana ndugu. Wazee wa barazani wanajua fumbo la nyimbo nyingi za hapa, aliyesemwa ni nani na alikosa nini. Kulifumbua kwa jina hakukubaliki. Niliwahi kuuliza, nikaambiwa nisikilize besi.

Hata daftari la serikali zamani lilikuwa mkononi mwa mtu. Balozi wa nyumba kumi, tangu enzi za TANU, alitakiwa ajue nani kalala kwako na katoka wapi. Haikuwa raha na sitaki kuipamba, wapo walioumizwa na ulimi wa balozi. Ila balozi alikuwa na mlango. Alikuwa na mke wa kumpelekea mashtaka, na mama wa kumwonea haya. Akikuandika vibaya ulimfuata asubuhi kwa kelele mpaka afute.

Mwishoni mwa 2019 laini zote za simu zilitakiwa zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, muda ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Mmoja wa wazee wetu amekata mkonge miaka na miaka, ncha za vidole zimelika, mistari haipo. Kijana wa wakala akambonyeza kidole kwenye kioo cha mashine, akakipangusa, akakipaka mafuta, akajaribu kingine. Mashine ikavikataa vyote. Kijana akaona aanze kumhoji palepale mbele ya foleni: jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama, sema kwa sauti baba, sisikii. Mzee akasema kwa sauti. Aliposimulia barazani, habari ya vidole aliipitia kwa mzaha. Kilichomkera, na mpaka leo kinamkera, ni kutajishwa jina la mama yake barabarani mbele ya watu asiowajua.

Tangu hapo mazungumzo ya kugeuza sahani yameongezeka mada. Mstaafu anaitwa kuhakikiwa kama yu hai, na anauliza karatasi zake za safari iliyopita zilikwenda wapi. Mwingine anapata ujumbe wa mikopo asiyoiomba, ukiwa na majina yake matatu yote, anataka kujua nani kayauza. Wenzetu wa Mombasa, tunaobadilishana nao nyimbo, walitusimulia habari za usajili wa watu wa Huduma Namba wa 2019: jinsi Mahakama Kuu ya Kenya ilivyozuia, Januari 2020, ukusanyaji wa vinasaba na vipimo vya mahali mtu anapoishi, na jinsi Oktoba 2021 ilivyobatilisha utoaji wa kadi kwa kuwa serikali haikutathmini kwanza athari kwa taarifa za watu. Wazee walishangaa kwamba jambo kama hilo linaweza kupelekwa mahakamani, na zaidi kwamba linaweza kushinda.

Hapa kwetu Katiba inaitaja faragha katika ibara ya 16, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Mwalimu mstaafu alituletea nakala, ikawa inasomwa kidogo kidogo kila sahani ikigeuzwa, Jumapili kadhaa. Palipowakuna ni pale panaposema, kwa maana yake, kwamba taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisitumiwe kwa lingine. Wakasema hiyo ndiyo kanuni ya daftari la kuazimana: sahani umeichukua ya harusi, usiipeleke baa. Mzee wa mkonge akauliza sheria hiyo ilikuwa wapi siku ile ya foleni. Akaambiwa ilikuwa haijatungwa.

Ninaposikia kwamba watu wetu wafundishwe thamani ya taarifa zao, nauliza nani amfundishe nani. Aliyefunzwa na mafumbo ya Jamhuri Jazz kwamba jina la mtu halitajwi ovyo hahitaji semina. Anayehitaji ni aliyeweka dirisha la usajili ukingoni mwa barabara.

Kwa sasa ugomvi uko nyumbani. Vijana wanataka kurusha Jumapili zetu moja kwa moja kwa simu. Wazee wamekubali muziki urushwe, mazungumzo hapana: sindano ikiinuliwa, simu izimwe. Vijana wanasema watazamaji wanayataka hasa hayo mazungumzo. Mimi niko na wazee, ingawa najua fika kwamba bila hao vijana Atomic na Jamhuri zitabaki na wasikilizaji wenye presha tu. Mzee wa mkonge ametoa sharti lake: atakayetaka kusikika asikike kwa jina la kujichagulia, kama kwenye kadi. Vijana wameomba wiki mbili walifikirie.