Je, wajua? Mteja bandia mwenye adabu hudanganya

Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, mashariki mwa Kongo, benki zilifunga milango na watu wengi wakabaki na pesa za simu tu. Siku kama hizo ndipo seva, kompyuta inayopokea maombi ya watu, hujulikana kama ina kifua au haina. Mafundi makini hawaingoji siku hiyo. Wana programu inayojifanya umati wa wateja: inaimwagia seva maombi na kuandika kila jibu limechukua muda gani. Hilo ndilo jaribio la mzigo.

Kumwaga maombi si kazi. Kazi iko kwenye kasi: ni maombi mangapi kwa sekunde, na nani anayeiamua? Programu nyingi, zikiachwa zilivyo, hutuma ombi, hungoja jibu, ndipo zitume jingine. Ni sawa na kuipima robine ya mtaa kwa kutumia watu kumi walewale na bidoni zao. Maji yakitoka polepole, nao hupunguza safari, na foleni haivuki watu kumi. Pale Kadutu, mtaa wa Bukavu, mambo si hivyo: maji yakipungua, watu wanazidi kuja.

Tufanye hesabu. Umepanga kutuma maombi 10 kila sekunde kwa dakika moja. Kwa kawaida seva hujibu ndani ya milisekunde 20. Inapofika sekunde ya 30 inaganda, na inazinduka sekunde 20 baadaye. Programu inayongoja ilikuwa imetuma maombi 300. Ombi lililofuata linakwama sekunde 20, kisha mengine kama 100 yanapita vizuri. Ripoti inasema: baya ni moja tu kati ya 401, na wastani haufiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Bosi anafurahi. Lakini wateja wa kweli wasingengoja ruhusa. Wangekuja 600, na 200 kati yao wangeikuta seva imeganda. Hata tukisema foleni yao inamalizwa papo hapo seva ikizinduka, kila mmoja amekaa kama sekunde 10 kwa wastani. Theluthi nzima ya wateja imefutwa kwenye karatasi, na hakuna aliyedhamiria kudanganya.

Aliyeupigia kelele ugonjwa huu ni Gil Tene, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Azul Systems. Alichukua programu iitwayo wrk akaitengeneza upya kuwa wrk2, ambayo haianzi kazi mpaka uitajie kasi. Nayo huhesabu muda tangu pale ombi lilipopaswa kuondoka, hata kama limechelewa kutumwa. Kwa maoni yangu, ukaidi huo wa kudai kasi kwanza ndio ubora wake mkubwa. Programu za Vegeta na k6 nazo zinaweza kushika kasi bila kujali seva inajibu vipi.

Mmarekani John Little alithibitisha mwaka 1961 kanuni inayosaidia hapa: maombi yaliyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila moja hukaa. Maombi 200 kwa sekunde yakikaa nusu sekunde, ndani mna 100. Yakianza kukaa sekunde 5, mna 1,000, na kumbukumbu ya seva inaanza kujaa. Lakini ukijaribu kwa wateja bandia 100 wanaongoja, muda ukifika sekunde 5 kasi yenyewe inashuka hadi 20. Mgonjwa amezidiwa, na daktari amemtua mzigo kabla ya kumpima!

Ndiyo maana kasi hupandishwa kwa ngazi, 50, 100, 200, kila ngazi ikipewa dakika kadhaa, mpaka muda wa majibu uruke ghafla. Na iwe kwenye seva yako, au kwa ruhusa ya mwenyewe. Julai 2023, huduma za serikali za mtandaoni ziitwazo eCitizen nchini Kenya zilipoyumba, waziri wa wakati huo Eliud Owalo alieleza kwamba wavamizi walijaribu kuuziba mfumo kwa maombi yanayozidi ya kawaida. Kwa upande wa seva, uvamizi na jaribio havina tofauti.

Anayepima akiwa Bukavu seva iliyoko Ulaya akumbuke pia njia. Inaweza kuzidi kilomita 6,000, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa umbali huo, kwenda na kurudi ni milisekunde 60 hata nyaya zingenyooka kama rula, na hizo seva haina lawama nazo.