Kwa Baisikeli Mpaka Kwihara

Mtu akaaye Tabora, naye ana baisikeli, aweza kwa siku moja kuizuru njia ya zamani ya misafara. Sisi tuliondoka mjini alfajiri, jua lisije likatuunguza, tumechukua maji, pampu na viraka vya mpira. Tulielekea kusini-magharibi. Mji ukaisha upesi, tukawa katika mashamba na miembe mikubwa. Na penye mchanga mwingi tulishuka tukasukuma.

Hapo ndipo tulipowakumbuka wapagazi. Burton na Speke, waliofika hapa Novemba 1857, walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne tangu pwani. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua pembe na nguo mabegani mwao, nao walilipwa ujira. Lakini katika njia iyo hiyo walipitishwa watumwa waliofungwa, ambao hawakulipwa kitu. Haifai kuwachanganya watu hawa, kwa maana mmoja alikwenda kwa hiari na mwenziwe kwa kushurutishwa.

Haukupita muda mrefu tukawasili Kwihara, mahali pa kimya sana. Hapo pana tembe, yaani nyumba ya kuta nene za udongo na dari bapa, iliyojengwa upya kwa mfano wa ile ya kwanza. Livingstone na Stanley walifika humo Februari 1872, baada ya kukutana Ujiji. Stanley akaenda zake pwani mwezi wa Machi. Livingstone akabaki hata Agosti, akingoja watu na vifaa. Pasipo wapagazi hakuweza kusafiri.

Alikufa Mei 1873, mbali kusini. Mwezi wa Oktoba Chuma, Susi na wenzao wakaja Unyanyembe na maiti yake. Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapo, aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo. Na Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey, London.

Basi, nyumba ile huitwa kwa jina la Livingstone, wala si vibaya. Lakini tulipokuwa tukirudi jioni, miguu imechoka kwa mwendo mfupi tu, tuliona kwamba njia yenyewe ni ya wale walioitembea na mizigo. Ukienda Kwihara, ndugu msomaji, wakumbuke na hao.