Mfuko wa kobalti una namba, wa bunga je?

Kwenye kikao chetu cha sindika, hapa Manika, mama mmoja, mke wa mwenzetu, alituletea mfuko mtupu wa bunga wa kilo 25. Bunga ilikuwa chungu, watoto wakakataa bukari. Tukauangalia ule mfuko: jina la kinu lipo, picha ya hindi ipo, lakini mdomo ulishonwa mara mbili. Matundu ya uzi wa kwanza yalionekana kando ya uzi mpya. Mwenye kuuza alisema naye aliupata kwa mwingine, na huyo mwingine kwa gari lililotoka Kasumbalesa. Pale tukakwama.

Na kumbe sisi watu wa Lualaba tunajua kufuata mfuko. Mahali ambapo kobalti ya wachimbaji wa mkono inafuatiliwa, mfuko unafungwa etiketi yenye namba. Januari 2019 Ford, IBM, LG Chem na Huayou walitangaza jaribio la kufuata kobalti ya Kongo kwa kompyuta, tangu mgodini, kupitia Korea Kusini, mpaka Marekani. Mwenye kununua gari kule anatafutiwa njia ya kujua betri yake ilitoka wapi. Mama wa Manika hajui bukari yake imetoka kinu gani.

Si mambo ya uchungu wa mdomo tu. Mahindi yaliyowekwa na unyevu yanaota ukungu, na ukungu unaweza kutoa sumu, aflatoksini, inayoharibu maini. Kupika hakuimalizi, na bunga yenye sumu si lazima iwe chungu. Kenya, mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua, 125 wakafa. Agosti 2024 jirani zetu wa Zambia waliikuta kwenye bunga ya vinu kadhaa, baada ya mbwa wengi kufa, na mafungu yale yakaamriwa kuondolewa madukani. Fungu linatafutwa kwa namba yake. Sasa bunga ikishamwagwa kwenye beseni na kuuzwa kwa meka, namba iko wapi? Mfuko nao umeshauzwa peke yake, unaenda kujazwa tena.

Kenya wana njia mbili. Namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora unaituma kwa ujumbe wa simu kwenda 20023, hata kwa simu ndogo ya tochi, na unajibiwa jina la kampuni na la bidhaa. Shida ni kwamba namba ile ni moja kwa mifuko yote, mwizi anaichapisha tu. Njia ya pili ni kali zaidi: stempu ya ushuru, ambayo tangu Novemba 2019 inabandikwa hata kwenye chupa za maji. Kila stempu ina namba yake, unaipima kwa programu ya Soma Label. Ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya kodi, tusijidanganye. Bunga haimo.

Na etiketi bila macho ya watu ni karatasi. Mwaka 2022 Global Witness ilieleza jinsi etiketi za iTSCi zilivyofungwa kule Kivu kwenye madini ya mahali pengine.

Kwa hiyo kwenye mazungumzo na bapatron tunadai hivi: kampuni yoyote inayogawa bunga, hata ya sutretansi, iandike kwenye daftari jina la kinu, tarehe ya kusaga na namba ya fungu, kila mfanyakazi atie sahihi mbele ya namba yake. Mmoja akiugua, saa hiyo hiyo tunajua nani wengine walipewa fungu lile. Wamama sokoni, ombeni muuzaji aache mfuko karibu na beseni mpaka bunga iishe, muangalie uzi. Na mfuko mtupu wa nyumbani, upasueni kwa kisu kabla ya kuutupa.

Ule wa yule mama hatukuupasua. Uko ofisini, tutauweka juu ya meza mbele ya bapatron.