Mwani wa Kahawia na Siri ya Chokaa

Kwa miaka mingi watu wa visiwa vya Uskoti walikuwa wakiuchoma mwani wa kahawia wa bahari yao ya baridi ili wapate majivu tu, ambayo ndani yake mlikuwa na magadi ya kutengenezea sabuni na vioo, na baadaye aidini ya matabibu. Wala hapana aliyetanabahi kwamba kilichokuwa kikitoweka motoni kilikuwa na thamani yake, mpaka mwanakemia wa Kiingereza, E. C. C. Stanford, alipouloweka mwani huo katika maji ya magadi, akapata ute mzito aliouita aljini, na mwaka 1881 akauandikishia hati ya uvumbuzi.

Ute huo, unaojulikana leo kwa jina la aljineti, ni polima, yaani sukari za namna mbili zilizotungwa kwa urefu kama punje za tasbihi. Na ajabu yake ni kwamba ukiwa na sodiamu huyeyuka majini, lakini ukikutana na kalsiamu, ile iliyomo katika chokaa, nyuzi zake hushikamana zikaganda papo hapo.

Katika mabadilishano hayo ya sodiamu na kalsiamu ndimo yalimozaliwa mengi ya matumizi yake. Kitambaa cha aljineti ya kalsiamu kikilazwa juu ya donda linalotoka maji, sodiamu ya maji yale huingia na kalsiamu hutoka, ikasaidia damu kuganda, na kitambaa chenyewe kikageuka ute unaolihifadhi donda na ukavu. Na siku ya kukibadilisha huoshwa taratibu kwa maji ya chumvi, jambo ambalo aliyewahi kubanduliwa shashi iliyokauka juu ya kidonda hahitaji kuelezwa faida yake. Tabibu wa meno naye huchukulia umbo la taya kwa unga wa aljineti iyo hiyo, na wapiga chapa wa nguo za pamba huutumia kuzitia rangi uzito, kwa kuwa hauungani kikemia na rangi kama wanga ufanyavyo.

Ama vifuko vya kinywaji vya mwani, walivyopewa wakimbiaji wa marathoni ya London mwaka 2019, ni jambo la kufurahisha, na huoza upesi. Lakini kitu kipendacho maji kiasi hicho si rahisi kukibebesha kazi zote za plastiki.

Ama mwani wa Paje na Jambiani, unaolimwa Unguja kwa biashara tangu mwaka 1989 kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, ni wa jamii nyingine, nyekundu, na polima yake ni karajinani, inayotiwa katika dawa ya meno na maziwa. Nayo pia hutii chumvi: ile ya mwani wa aina ya kotoni huganda imara kwa potasiamu, nayo ya aina ya spinosamu huganda laini kwa kalsiamu. Wanunuzi huilipia zaidi kotoni, ambayo kwa bahati mbaya haivumilii joto la maji ya ufuoni. Kwa hiyo wakulima, ambao aghalabu ni wanawake, wamebaki na spinosamu, wakiianika na kuiuza kavu kwa bei ya chini.